Majivu meupe yananitia wasiwasi

Wiki iliyopita kimeletwa tena maabara kiroba cha majivu ya pumba za mpunga ya kuchanganya kwenye zege, meupe kama sembe. Vijana watatu wa mradi, mmoja wa ujenzi, mmoja wa kemia, mmoja wa kilimo, wamesimama nyuma yake wanatabasamu. "Mwalimu, haya yameiva."

Yameiva mpaka yamekufa, wanangu.

Kazi ya majivu kwenye zege mnaijua: saruji ikishika huacha chokaa huru, silika ya majivu (madini yaleyale ya mchanga) inaila, inapatikana gundi nyingine. Tuendelee. Kinachonichosha ni hii imani ya rangi. Weupe unakwambia jambo moja tu, kwamba kaboni imeisha. Hali ya silika haukwambii. Pumba zikiungua taratibu, chini ya nyuzi joto 700 hivi, silika inabaki shaghalabaghala, na chokaa inaipata kirahisi. Moto ukipanda ukakaa juu saa nyingi, kama katikati ya tanuri la tofali, silika inajipanga kuwa fuwele. Hapo umebaki na mchanga wa gharama.

Wa kemia akayapima kwenye mashine ya eksirei. Badala ya mchoro kutoa kilima kipana pale kwenye pembe ya nyuzi 22, dalili ya silika shaghalabaghala, ukatoka mwiba wa fuwele umesimama kama mnara wa simu. Wa ujenzi kimya. Wa kilimo ndiye aliyeuliza la maana: tuliyachota upande gani wa tanuri? Hakuna aliyekumbuka, walikuwa wanawahi basi.

Sasa msikimbilie meusi. Kaboni inakunywa maji, fundi anaona zege kavu, anaongeza ndoo, nguvu kwaheri. Mimi nachukua ya kijivu, yaliyofukizwa kwenye pipa lenye matundu, kisha yasagwe yawe laini kama poda. Usiposaga, kazi yote ni pumba, kwa maana zote mbili.

Na kyubu, yale matofali madogo ya zege ya kupimia nguvu, msizivunje siku ya 7 halafu mkaja kulia; majivu hushika taratibu. Subirini 28, hata 90.

Hesabu pia. Kilo 100 za mpunga zinatoa kama kilo 20 za pumba, na pumba hizo zinaacha kama kilo 4 za majivu. Anayeandika kwenye utangulizi wa ripoti kwamba pumba zitatuondolea shida ya saruji, aanze na kilo hizo 4.

Kuna moja linaninyima usingizi. Chokaa inayoliwa na majivu ndiyo ileile inayolinda nondo isishike kutu. Ni kweli majivu laini yanaziba vitundu, chumvi inapenya kwa shida. Lakini baada ya miaka 20, lipi litashinda? Kyubu yangu haina nondo ndani, kwa hiyo inafaulu kila mara. Kwa tofali na plasta naruhusu bila kusita. Nguzo ya ghorofa, bado nasita.

Kiroba kiko chini ya meza yangu. Vijana wamekwenda kutafuta pipa.