Anzeni na vichwa, mchezo baadaye: mtandao wa wenye saluni Tanga

Wenye saluni wakikubaliana kushirikiana, mara nyingi mbio zao za kwanza huishia kwenye mchezo, yaani upatu wa kuchanga na kupokea kwa zamu. Kijumbe anachaguliwa, zamu zinapangwa, kila Ijumaa elfu kumi. Mwezi wa tatu mmoja kodi ya fremu imemwangukia, hatoi, na aliyekwisha kupokea hapokei simu. Kikundi kimekufa kabla wenyewe hawajasaidiana hata kichwa kimoja, yaani mteja mmoja. Sina ugomvi na mchezo. Kosa ni kuutanguliza, kwa sababu mchezo unataka watu wanaoaminiana tayari, na imani baina ya wenye saluni hupimwa kwa jambo moja: mwenzako alimfanyia nini mteja uliyempelekea siku ulipozidiwa.

Kwa hiyo tafuta watu saba hadi tisa, basi. Wakizidi hapo kikao hakitoshi, wakishuka chini ya watano mmoja akiugua mnyororo umekatika. Wasitoke mtaa mmoja. Saluni mbili zinazotazamana Ngamiani zinamgombea mteja yuleyule anayepita kwa miguu, na hilo halifutwi kwa chai na maandazi. Chukua wawili Ngamiani wasiotazamana, mmoja Makorora, mmoja Chumbageni, mmoja Mabawa, mmoja Raskazone, na waliobaki mitaa mingine. Kisha changanya fani: msusi wa rasta mwenye mikono myepesi, wa rilaksa na roleri, wa kucha, wa hina na piko, na yule anayemsinga bi harusi kwa singo na liwa. Bi harusi mmoja anawahitaji wote hao ndani ya siku tatu, na saluni yenye wote chini ya paa moja hapa mjini ni ya kutafuta kwa tochi.

Sheria ya kwanza ya kuandika ni ya mteja. Mimi naiweka hivi: mteja aliyepelekwa ni wa aliyempeleka, kwa huduma ile aliyokuwa akiipata kwake. Anayempokea anafanya kazi, anachukua malipo yote, na hampi mteja namba yake wala hamwambii kwamba huku bei ni nafuu. Mteja akirudi mwenyewe kwa aliyempokea bila kutumwa, asifukuzwe, maana si mbuzi wa kufungwa kamba. Ila aliyempokea ampigie mwenye mteja siku hiyohiyo. Kinachozaa fitina ni mwenye mteja kupata habari kwa mtu wa tatu, pengine wiki mbili baadaye, ikiwa imeshaongezwa chumvi.

Kamisheni msiweke. Asilimia 10 ya kichwa cha 15,000 ni 1,500, pesa ndogo ya kumsaidia mtu lakini inayotosha kabisa kuwagombanisha. Wekeni daftari: tarehe, nani kapeleka, kwa nani, kazi gani. Mwisho wa mwezi linasomwa mbele ya wote. Aliyepokea vichwa kumi na viwili akarudisha kimoja atajiona mwenyewe, hakuna haja ya kumsema.

Ujumbe wa kupeleka mteja nao una kanuni. "Shoga una nafasi?" hautoshi. Andika huduma, saa, bei ambayo mteja ameshakubali, na hali ya kichwa au ngozi yake, mathalani: "Shoga, saa nane nina dada wa rasta za mgongoni, tumekubaliana 25,000. Rilaksa kapaka Jumamosi, naomba usikaze mbele." Kipande hicho cha mwisho ndicho watu wanachokiacha, na ndicho kinacholeta maafa. Nywele zilizotoka kwenye rilaksa juzi ni dhaifu. Ukizivuta kwa rasta nzito zinakatikia kwenye mzizi, hasa pembeni mwa paji la uso, na mteja anamlaumu aliyempeleka. Vivyo hivyo aliyewahi kuwashwa na piko. Unga mweusi unaochanganywa kuwa piko aghalabu ni rangi ya nywele yenye kemikali ya PPD, na Ulaya inaruhusiwa kwenye nywele tu, isizidi asilimia 2, si kwenye ngozi kabisa. Aliyewahi kutoka malengelenge mkononi ngozi yake haisahau: mara ya pili hali inaweza kuwa mbaya zaidi, na rangi nyeusi ya nywele inaweza kumdhuru pia. Mtu huyo apakwe hina tupu, na taarifa itangulie kabla hajafika.

Kabla hamjaanza kupokezana, kubalianeni usafi wa vyombo, kwa sababu mapunye yakitoka kwa mmoja jina linaloharibika ni la wote. Kipimo ni rahisi: dawa ya klorini yenye nguvu ya asilimia 3.5 (chupa imeandikwa ubavuni), sehemu moja kwa maji sehemu sita, inakupa asilimia 0.5. Vitana na klipu vioshwe kwanza kwa sabuni, maana nywele na mafuta huila dawa, ndipo vilowekwe dakika kumi na kusuuzwa. Dawa ichanganywe upya kila siku. Meno ya mashine ya kunyolea usiyaloweke humo, yatashika kutu. Piga brashi, kisha spiriti ya asilimia 70. Wembe ni wa mtu mmoja. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kuishi nje ya mwili siku saba, kwa hiyo wembe uliokaa kwenye droo tangu Jumatano bado ni hatari Jumapili.

Kikao kiwe Jumatatu asubuhi, siku ambayo saluni nyingi zimepoa, kwa zamu saluni hii na ile, dakika tisini. Kila mtu ana dakika kumi. Tatu anaeleza jambo moja linalomsumbua, nne wenzake wanauliza maswali tu, tatu za mwisho ndipo ushauri. Hizo nne za katikati watu huziona ndefu kuliko kwaresima, kwa sababu sote tunapenda kushauri. Lakini anayelalamika kwamba wasusi wake hawakai, ukimuuliza analipa kwa siku au kwa kichwa, na siku ya mvua wanaondoka na nini, mara nyingi anajijibu. La kikaoni libaki kikaoni, hata kwa mume.

Bei ndiyo mada inayopendwa, na ndiyo yenye mtego. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza washindani kupatana bei, na kupatana kumsusia msambazaji kumo humohumo. Kwa hiyo msiandike "kuanzia leo msuko wa yeboyebo hakuna chini ya elfu kadhaa". Mnachoweza ni kufundishana kupiga hesabu ya gharama: rasta, mafuta, umeme wa LUKU, saa za msusi, sehemu ya kodi. Anayetoza chini ya gharama zake akishaziona kwenye karatasi, atapandisha mwenyewe. Kwa wasusi pia: msiwekeane kizuizi cha kuajiri, binti ni mtu huru. Kubalianeni tu kwamba anayemchukua atampigia mwenye saluni aliyemlea kabla binti hajaanza kazi, na mwenye saluni huyo apewe wiki mbili za kujipanga.

Orodha ya wateja wasiolipa, yenye picha na namba za simu, msiithubutu. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika, na mteja aliyeanikwa kwenye kundi la WhatsApp ana pa kulalamikia. Tozeni nusu ya malipo kabla ya kuanza, deni likitokea litakuwa la nusu tu.

Ununuzi wa pamoja kutoka Kariakoo unalipa kwa rasta, kwa sababu haziozi. Kwa dawa zenye tarehe ya mwisho kuweni waangalifu zaidi. Oda iandikwe kwa namba ya rangi, siyo kwa jina. Ukisema "nyeusi" utaletewa 1 au 1B, na hizo mbili ndani ya duka ni mapacha. Zikichanganyika kichwani, juani pale Tangamano kila mtu anaona mistari. Kila mmoja alipe sehemu yake kabla ya oda kwenda, mzigo upokewe stendi ya Kange na watu wawili, wahesabu pakiti hapohapo kabla ya kusaini. Kuazimana vyombo kuna hesabu yake: jenereta la kVA 2.5 linatoa takriban wati 2,000, ilhali drayeri moja ya kukalia hula kama 1,000. Drayeri moja, taa na mashine, sawa. Drayeri mbili pamoja na feni, linazima na kichwa cha mtu kimo ndani. Likae nje, mbali na dirisha, moshi wake una gesi inayoua bila harufu ya kukuonya.

Daftari likishapita msimu mmoja mzito bila ugomvi, yaani Shaabani yenye harusi zake, kumi la mwisho la Ramadhani, na Mfunguo Mosi, basi mchezo mnaweza kuuzungumza. Mkitaka kuweka akiba na kukopeshana kama kikundi, jueni kwamba Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inawaweka daraja la nne, la vikundi vya kijamii, na usajili ni kupitia halmashauri. Anzieni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Kipimo kikubwa kuliko pesa ni wiki ya mgonjwa. Mwenzenu akilazwa au akijifungua, kila mmoja anampa nusu siku ya kusimamia saluni yake, asubuhi au jioni, ratiba ikiandikwa mapema. Malipo ya simu yaende kwenye lipa namba yake mwenyewe, ya mkononi yaandikwe na kupelekwa kwake jioni ileile. Ufunguo wa pili ukae kwa mtu asiyefanya huduma sawa na yake: wa kucha ashike wa msusi, msusi ashike wa hina.