Angkor Haikupotea: Dhana Potofu Kuhusu Wakhmer wa Kale

Kila ninapofundisha historia ya Asia ya Kusini-Mashariki, na kila msafiri anaponiomba ushauri kabla ya kwenda Kambodia, lazima ijitokeze sentensi ileile: kwamba Angkor, mji mkuu wa kale wa Wakhmer, wenyeji wa nchi hiyo, ni mji uliopotea msituni hadi Mfaransa Henri Mouhot alipougundua mwaka 1860. Nimeisikia kwa wanafunzi, kwa walimu wenzangu, na hata kwa watu waliokwisha kufika huko wakarudi na picha mia. Kwa kuwa ndiyo inayonikera kuliko zote, nitaipa nafasi kubwa. Nyingine zitatosheka na mistari michache.

Dhana: Angkor ilisahauliwa hadi Mzungu alipoifikia

Mouhot alifika Angkor mwezi Januari 1860, akipelekwa na watu walioijua njia, na ndani ya uwanja wa hekalu la Angkor Wat aliwakuta watawa wa Kibudha wakiishi na kusali. Mahali penye wenyeji wanaofagia, wanaofukiza ubani na wanaopokea mahujaji hapajapotea kwa maana yoyote ninayoijua. Mouhot mwenyewe hakujiita mgunduzi. Alifariki Laos mwaka uliofuata, na sifa hiyo alivishwa na wengine baada ya habari za safari zake kuanza kuchapishwa Ulaya mwaka 1863, zikiwa zimepambwa kwa michoro iliyowasisimua wasomaji.

Wala hakuwa mgeni wa kwanza. Padri Charles-Émile Bouillevaux alikuwa ameuona mji huo mwaka 1850 na kuchapisha habari zake mwaka 1858. Katika karne ya 16, mtawa wa Kireno António da Madalena alisimulia aliyoyaona Angkor, na mwanahistoria Diogo do Couto akayaandika. Mchina Zhou Daguan, aliyefuatana na ujumbe wa mfalme wake, aliishi humo mwaka 1296 na 1297, wakati mji ungali na fahari yake. Maelezo yake yalitafsiriwa kwa Kifaransa mwaka 1819, kwa hiyo wasomi wa Paris walikuwa na habari za Angkor miaka arobaini kabla Mouhot hajakanyaga huko.

Hata hivyo, kuhesabu wageni ni kukosea swali, kwa sababu ushahidi mzito zaidi uliachwa na Wakhmer wenyewe. Baraza ndefu za Angkor Wat, zenye michongo ya ukutani, hazikukamilika katika karne ya 12 hekalu lilipojengwa. Sehemu mbili za kaskazini-mashariki zilibaki tupu, na katika karne ya 16, zaidi ya miaka mia moja baada ya tarehe ambayo vitabu vingi huitaja kuwa ya kuanguka kwa Angkor, mfalme Ang Chan aliamuru mafundi wake wazimalize. Maandishi yaliyochongwa papo hapo yanataja mwaka 1546 kazi ilipoanza na 1564 ilipokamilika. Nani hupeleka mafundi kwa miaka 18 kwenye jengo asilojua lilipo?

Ushauri wangu, ambao wanafunzi wangu wameuchoka, ni huu: usikimbilie kupiga picha ya macheo, bali nenda kwenye baraza ya mashariki. Upande wa kusini wa lango utaona miungu na mashetani wakivuta joka ili kuisukasuka Bahari ya Maziwa ya hadithi za Kihindu, mchongo wenye urefu wa mita 49 hivi ambao kila msuli ndani yake unakwenda na mwenzake. Kisha vuka lango uelekee kaskazini, utazame mungu wa Kihindu Vishnu akipigana na maadui zake. Miili imekakamaa, nyuso zinajirudia, na mkono wa fundi ni mwingine kabisa. Hatua chache tu zinatenganisha karne ya 12 na ya 16, na tofauti hiyo, ambayo wengi huipita kama kasoro, ndiyo inayothibitisha kwamba jengo lilikuwa bado mikononi mwa wenyewe.

Mahujaji nao waliendelea kuja. Mjapani Morimoto Ukondayu Kazufusa aliandika kwa wino kwenye nguzo ya hekalu mwaka 1632 kwamba alileta sanamu nne za Buddha. Ni kweli kwamba makao ya wafalme yalihamia kusini na kwamba msitu ulifunika mahekalu mengine mengi, Ta Prohm likiwamo. Lakini kutoka hapo hadi kusema kwamba ustaarabu mzima ulisahauliwa na watu wake ni mruko ambao Wafaransa waliotawala Kambodia kuanzia 1863 walikuwa na kila sababu ya kuupenda.

Dhana: Angkor Wat ndilo jina la mji wote

Angkor Wat ni hekalu moja, lililojengwa na Suryavarman wa Pili kwa ajili ya Vishnu. Bayon, hekalu ambalo minara yake imechongwa nyuso kubwa, limo katikati ya Angkor Thom, mji wenye kuta uliojengwa na Jayavarman wa Saba mwishoni mwa karne ya 12. Nyuso hizo, kwa taarifa ya wanaoniletea picha zake kila mara, si lazima ziwe za mungu wa Kihindu Brahma: mwaka 1924 uligunduliwa humo mchongo wa Lokeshvara, mtakatifu wa Kibudha, uliokuwa umefichwa na ujenzi wa baadaye, ikabainika kwamba hekalu lilianza kama la Kibudha.

Dhana: Siam iliumaliza mji kwa pigo moja mwaka 1431

Vita na Siam, ufalme wa Thailand ya leo, vilikuwapo, lakini pete za miti ya kale zinaonyesha ukame mkali katika karne ya 14 na mwanzoni mwa ya 15, uliokatizwa na mvua kubwa zilizoharibu mifereji. Watu walipungua polepole, na biashara ya baharini iliwavuta wafalme kuelekea Phnom Penh.

Dhana: Wakhmer ndio Khmer Rouge

Hapana. Khmer Rouge lilikuwa kundi la kikomunisti lililotawala kuanzia 1975 hadi 1979, na wengi wa waliouawa nalo walikuwa Wakhmer.

Dhana: watu waliishi ndani ya majengo ya mawe

Mawe yalikuwa ya miungu. Watu, mfalme akiwamo, waliishi katika majengo ya mbao ambayo yameoza, na ndiyo maana mgeni huona mahekalu matupu akadhani hapakuwa na mji. Vipimo vya leza vilivyofanywa kutoka angani mwaka 2012 vilionyesha mitaa, vidimbwi na viwanja vya nyumba chini ya miti. Asiyeamini vipimo na atazame ukuta wa kusini wa baraza ya nje ya Bayon, ambako wamechongwa watu wakipiganisha majogoo, mwanamke akijifungua, na wauzaji sokoni. Zhou Daguan anaeleza kwamba biashara ilikuwa mikononi mwa wanawake, kwamba hawakuwa na maduka bali walitandika mikeka chini, kila mmoja mahali pake, na kwamba alisikia maofisa wakitoza kodi ya nafasi hizo.