Chanjo ya flu ya kupuliza puani: ipo, ila sio ile mnayoisema

Kuna habari inazunguka eti imepatikana chanjo ya puani inayozuia flu za aina zote, unapuliza mara moja kazi kwisha. Hapo watu wamechanganya vitu viwili. Ya puani ipo zamani tu, Marekani waliipa FluMist kibali 2003 na Warusi walikuwa na yao miaka mingi kabla, lakini hiyo inafuata aina za virusi ambazo WHO wanazipendekeza mara mbili kwa mwaka, sawasawa na ya sindano, ndo maana inarudiwa kila msimu. Ya kukinga aina nyingi kwa mpigo bado iko kwenye majaribio, hakuna iliyopitishwa.

Halafu kuna hii ya "si wanakupulizia flu yenyewe". Kirusi cha kwenye FluMist ni hai kweli, ila kimedhoofishwa. Hunein Maassab wa Chuo Kikuu cha Michigan alikikuza kwenye baridi, akashusha joto kidogo kidogo mpaka kikazoea nyuzi 25, kwa hiyo puani kwenye ubaridi kinazaana ila kikishuka mapafuni joto linakishinda. Makamasi siku mbili tatu unaweza kupata. Wajawazito na wenye kinga dhaifu hawapewi, na Marekani mwisho ni miaka 49.

Wengine wanaona pua au bega yote sawa tu, hapana. Flu inaingilia puani, na kwenye ute wa pua kuna kingamwili zinaitwa IgA ambazo sindano haiziamshi sana, yenyewe inajaza zaidi za kwenye damu. Na hizi IgA zina uwezo wa kushika hata virusi vilivyobadilika kidogo, hapo ndo wanasayansi wanapopapenda. Jeffery Taubenberger na wenzake wa NIH, taasisi ya utafiti wa afya ya serikali ya Marekani, walichukua virusi vinne vya flu ya ndege wakaviua kwa kemikali wakatengeneza chanjo ya kukinga aina nyingi, inaitwa BPL-1357, majaribio kwa watu yalianza 2022, wengine wanapewa puani wengine sindano ili walinganishe. Virusi vimekufa kabisa humo, kwa hiyo sio kila chanjo ya puani ni hai.

Ila msidhani kwa vile haina sindano basi haina shida. Uswisi msimu wa 2000/2001 walitoa ya puani iliyochanganywa na sumu ya bakteria E. koli ili kuamsha kinga, watu wakaanza kupooza uso upande mmoja, ikaondolewa. FluMist yenyewe Marekani waliacha kuipendekeza 2016 maana ilikuwa haifui dafu kwa H1N1, moja ya aina za flu, ikarudi msimu wa 2018. Na chanjo hai ya puani, ile ile moja, ilijaribiwa kwa watoto wa Bangladesh na wa Senegal, Bangladesh ikapunguza flu kwa zaidi ya nusu, Senegal haikuonyesha kinga yoyote! Kwa hiyo matokeo ya Ulaya usiyabebe tu ukayaleta huku.

Ila kuna moja mnayoiita uzushi na ni kweli: ile wanayopulizia watoto mashuleni Uingereza ina jelatini ya nguruwe. Mzazi usiyeitaka omba ya sindano isiyo na jelatini, wanayo.