Ukitoka Wodini Hujatoka Hospitali: Marufuku ya Sigara Inaishia Getini

Malalamiko kuhusu moshi wa sigara tunayaletewa zaidi na ndugu wa wagonjwa waliolazwa wodi za chini. Anayekutwa akivuta naye karibu kila mara hujibu: "Mbona niko nje?"

Nje ya wodi bado ni hospitali. Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 inadhibiti uvutaji katika maeneo ya umma, na vituo vya afya vimo. Mwaka 2007 Tanzania iliridhia pia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku, ambao Kifungu chake cha 8 kinataka watu wakingwe na moshi. Kwetu marufuku inahusu kila kilicho ndani ya uzio: maegesho, bustani, vyoo vya nje, kantini, ngazi za dharura, hata ndani ya gari lako ulilofunga vioo. Sigara ya kielektroniki na shisha zimo pia.

Wapo wanaosema Dar tumezidi. Hapo Uganda tu, sheria ya 2015 inakataza kuvuta hadi mita 50 kutoka eneo la umma. Uskoti, tangu Septemba 2022, ni kosa kuvuta ndani ya mita 15 kutoka jengo la hospitali, na faini ya papo hapo ni pauni 50.

Joto la mji huu linatulazimu kuacha madirisha ya wodi wazi mchana kutwa. Moshi wa anayevuta chini ya dirisha husukumwa na upepo hadi ndani ya wodi, na humo kuna mwenye pumu, aliyetoka upasuaji jana na mtoto njiti. Moshi huo una kemikali zaidi ya 7,000, na zisizopungua 70 husababisha saratani. Kusogea hatua tatu hakubadilishi kitu.

Hatari inayopuuzwa kuliko zote ni moto. Oksijeni yenyewe haiwaki, ila hufanya kila kinachowaka kiwake haraka na kwa ukali. Hujikusanya kwenye shuka, nywele na nguo za mgonjwa, na hubaki humo hata baada ya mtungi kufungwa. Mgonjwa anayevua mpira wa puani na kutoka moja kwa moja kuwasha sigara anaweza kuungua uso na njia ya hewa. Vitakasa mikono navyo vingi vina pombe ya asilimia 60 hadi 80. Mikono isiyokauka ikikaribia kiberiti inashika moto. Tafadhali usimsaidie mgonjwa wako "avute pafu mbili tu". Hilo si kumhurumia.

Utaratibu wetu ni huu. Mlinzi au mtumishi atakuomba uzime na utoke nje ya geti. Ukikubali, yameisha. Ukikataa, ataitwa msimamizi wa zamu, ambaye ataandika jina, muda na mahali kwenye kitabu cha matukio. Ukiendelea kukaidi, unakabidhiwa polisi, na adhabu ni ya mahakama kupanga. Mlinzi hana mamlaka ya kutoza faini. Malipo ya Serikali hufanywa kwa namba ya malipo na hutolewa stakabadhi. Ukiombwa fedha mkononi, usitoe, nenda dawati la malalamiko na utaje geti na saa. Ukiona mtu anavuta, usigombane naye. Mwambie muuguzi wa wodi iliyo karibu.

Kipisi usikitupe mtaroni. Kichungi chake ni plastiki, hakiozi upesi kama karatasi, na masika yakianza mitaro yetu inaziba.

Mgonjwa anayevuta aseme anapolazwa, tena aseme ni sigara ngapi kwa siku. Hatutamfukuza wala kumsema. Siku mbili tatu za kwanza bila nikotini ndizo ngumu zaidi: hasira, usingizi kukatika, kutotulia. Asipojieleza, dalili hizo zinaweza kudhaniwa ni za ugonjwa mwingine. Isitoshe, moshi huharakisha ini kuvunja baadhi ya dawa, ikiwemo aminofilini ya pumu. Mtu akiacha sigara ghafla huku akiendelea na dozi ileile, dawa huzidi mwilini, moyo ukaenda mbio na kutapika kukaanza. Daktari akijua mapema, anapima na kupunguza dozi.