Bakuli la poke: yanayosemwa na yaliyo kweli

Lisome jina kama lilivyoandikwa, po-ke, nawe umeshawapita Wamarekani wengi wanaolitamka "poki". Ni vipande vya samaki asiyepikwa, vilivyokolezwa chumvi, mchuzi wa soya na mafuta ya ufuta, vikawekwa juu ya wali. Siku hizi chakula hiki kimetapakaa Marekani na Ulaya, na hata baadhi ya migahawa ya Nairobi inacho. Pamoja nacho yameingia maneno mengi, mengine ya kupuuzwa, mengine ya kumlaza mtu kitandani.

La kwanza ni kwamba poke ni sushi ya Wajapani iliyomwagwa bakulini. Sivyo. Ni chakula cha Hawaii, na neno lenyewe kwa Kihawaii ni kukata vipande. Wenyeji walikata samaki wa miambani, wakamtia chumvi ya bahari, mwani wanaouita limu, na kokwa za mti wa kukui zilizochomwa na kupondwa. Soya na mafuta ya ufuta vilifika baadaye, pamoja na vibarua wa Kichina na Kijapani waliokwenda kulima mashamba ya miwa katika karne ya 19. Mkono wa Mjapani umo, ila jungu ni la Mhawaii. Kule hadi leo watu hupimiwa poke kwa uzito kwenye kaunta ya supamaketi, kama sisi tunavyopimiwa nyama buchani. Lile bakuli lililorundikwa embe, mahindi na mayonezi ni mtindo uliovuma Marekani bara katika miaka ya 2010. Mwaka 2018 kampuni moja ya Chicago ilifika hadi kuwaandikia barua za kisheria wenye migahawa wengine, Hawaii ikiwemo, waache kuliweka neno "aloha", salamu ya Kihawaii, pamoja na "poke" kwenye majina yao. Wahawaii walichukia, na haki yao.

Dhana ya pili imejificha ndani ya Kiswahili chetu. Muuzaji wa Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, akinadi "wabichi hawa!" ana maana kwamba samaki wake hawakukaushwa wala hawajalala. Hakusema kwamba wanalika bila moto. Neno ni moja, mambo ni mawili, na mtu akidhani poke nzuri lazima itoke kwenye samaki wa asubuhi ile ile anakosea. Samaki wa poke mara nyingi aligandishwa kwanza, na kwa upande wa minyoo wanaoishi ndani ya samaki hiyo ni heri, maana baridi kali huwaua. Mwongozo wa Marekani kwa samaki wa kuliwa mbichi unataka nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, au nyuzi 35 chini ya sifuri kwa saa 15 baada ya kuganda kabisa. Jodari wakubwa wamesamehewa kwa sababu minyoo kwao ni nadra. Friza ya nyumbani hufika kama nyuzi 18 chini ya sifuri, tena umeme usipokatika. Usiitegemee kwa kazi hii. Na ile lebo ya "daraja la sushi", inayotolewa kama cheti kwamba samaki analika mbichi, sheria ya Marekani haina tafsiri yake. Ni neno la muuzaji.

"Kamulia ndimu, wadudu watakufa." Ndimu inageuza nyama rangi, ikawa nyeupe kama iliyochemshwa, na hapo ndipo macho yanapodanganyika. Minyoo wa anisakisi huweza kuvumilia hata siki. Wekundu nao si shahidi: kuna jodari wanaopigwa gesi ya kaboni monoksaidi ili wabaki wekundu hata wakizeeka. Umoja wa Ulaya umepiga marufuku jambo hilo.

Kugandisha nako kuna mipaka. Bakteria wengi hulala tu, na virusi hawajali. Mwaka 2016 watu 292 waliugua homa ya ini aina ya A huko Hawaii, chanzo kikiwa kombe waliogandishwa kutoka Ufilipino, wakaliwa bila kupikwa.

Ila dhana ninayoichukia kuliko zote ni hii: mbichi ni hatari, aliyepikwa ni salama, yamekwisha. Mwaka fulani nilinunua vibua saa saba mchana kwenye beseni la kando ya barabara, hakuna hata kipande cha barafu. Nilivikaanga mpaka vikakauka. Tonge la kwanza ulimi ukawasha, na pilipili sikutia. Nusu saa baadaye uso umewaka, kichwa kinagonga, mwili unawasha, nikadhani ni mzio. Ilikuwa histamini, kemikali inayoleta dalili kama za mzio. Vibua na jodari wakikaa kwenye joto, bakteria huitengeneza ndani ya nyama, na ikishatengenezwa moto hauiondoi, barafu haiiondoi. Kwa hiyo swali la maana kwa samaki hawa ni kama deli lilikuwa na barafu tangu mashuani. Jiko linakuja baadaye.

Samaki wa maji baridi, yaani wa mito na maziwa, ni habari nyingine. Sato na sangara msiwajaribu. Kaskazini-mashariki mwa Thailand watu wamezoea kula samaki wa mtoni bila kumpika, na minyoo ya ini wanayoipata humo imehusishwa na saratani ya njia za nyongo.

Mjamzito, mtoto mdogo na mwenye kinga dhaifu waiache poke ya samaki mbichi, hata mgahawa uwe wa kifahari namna gani. Na anayeila kwa ajili ya kupungua mwili aangalie chumvi ya soya na ile mayonezi yenye pilipili. Samaki peke yake hana kosa.

Aliyeingiwa na hofu, njia ipo, tena ni ya Hawaii yenyewe: poke ya pweza, ambaye kwa kawaida huchemshwa kwanza. Mkate vipande, tia kitunguu, chumvi, pilipili, ufuta uliokaangwa na mafuta yake kidogo, mwani ukiupata. Nimeitengeneza mara mbili. Ya pili niliharakisha kumtoa pweza jikoni, tukatafuna mpaka magharibi.