Afisa Ustawi Akibisha Hodi Baada ya Kosa

Malalamiko yanayofika mezani kwetu siku hizi ni ya aina mbili, na yanagongana. Wapo wanaosema maafisa ustawi wa jamii tunawaachia wahalifu: kijana kaiba, kakamatwa, kesho yuko mtaani anacheka. Wapo wanaosema sisi ni polisi tuliovua sare, tunaingia majumbani kwa jina la msaada kumbe tunachunguza. Kila upande umeona kipande chake cha ukweli, ndiyo maana nimeona niandike.

Kudhibiti uhalifu na kutunza wanyonge ni kazi zilizokaa nyumba moja tangu zamani, si mara zote kwa amani. Mwaka 1824 Uingereza ilitunga sheria ya uzururaji iliyofanya kulala nje na kuombaomba kuwa makosa, yaani umaskini wenyewe ukapandishwa kizimbani. Mwaka 1841, huko Boston, fundi viatu John Augustus alimdhamini mlevi mmoja mahakamani, akakaa naye karibu, na siku ya kesi akamrudisha kwa hakimu akiwa hajaonja pombe. Hakuwa na cheo wala mshahara wa kazi hiyo. Hadi anafariki mwaka 1859 alikuwa amewadhamini watu karibu 2,000. Uangalizi tunaoufanya leo, yaani mkosaji kubaki nje ya gereza kwa masharti ya mahakama, unafuata nyayo zake: mtu anasaidiwa, na papo hapo anatazamwa.

Sasa utaratibu. Sheria za nchi hutofautiana, lakini mwendo wake kwa kawaida ni huu. Mtu akishatiwa hatiani, mahakama inaweza kuagiza ripoti ya uchunguzi wa kijamii kabla ya kutoa adhabu. Afisa humhoji mkosaji peke yake, halafu wazazi au walezi, halafu shule au mwajiri, na inapowezekana aliyetendewa kosa. Hatuulizi nani aliiba, hilo limeshaamuliwa. Tunauliza nani yuko nyumbani usiku, nani anamlisha, ameacha shule lini na kwa nini, anatumia dawa gani. Anayeamua ni hakimu. Narudia, kwa sababu tunasemwa kila siku: afisa ustawi hamwachii mtu. Anaandika, anapendekeza, basi.

Niliwahi kufika nyumba moja ambako mama alijibu kila swali kabla sijamaliza kuuliza. Mtoto analala hapa, hachelewi kurudi usiku, hana marafiki wabaya. Nikaomba kuona chumba. Kitanda nilichoonyeshwa kilikuwa kimerundikwa masanduku na nguo zilizokunjwa hadi usawa wa dirisha, na juu ya yote kuna vumbi. Yule kijana alikuwa hajalala pale kwa wiki kadhaa. Mama hakuwa mwongo kwa tabia. Aliogopa nisije nikaandika kwamba ameshindwa kulea. Lakini ningeandika alivyosema, hakimu angemweka kijana chini ya uangalizi kwa sharti la kuishi kwenye nyumba hiyo, na sharti lingevunjika usiku wa kwanza.

Masharti yenyewe si mapambo. Mara nyingi ni kuripoti kwa afisa kwa tarehe zilizopangwa, kuishi mahali palipotajwa, kutohama bila ruhusa, kwenda shule, mafunzo au matibabu, kutomkaribia aliyetendewa kosa, na pengine kumlipa fidia. Ukikosa kuripoti bila sababu unaonywa. Ukirudia, unarejeshwa mahakamani, ambako hakimu anaweza kukaza masharti au kufuta amri na kukupa adhabu ya kosa lile la awali, kifungo kikiwemo. Ukitenda kosa jipya ndani ya muda wa uangalizi, unajibu yote mawili. “Nilisahau tarehe” tunaisikia sana.

Kuhusu siri: unayotueleza hayapelekwi kwa majirani. Ila siri hiyo ina mpaka, na afisa anatakiwa akuambie hivyo mwanzoni. Tukigundua mtoto anapigwa au kuingiliwa, au mtu amepanga kumdhuru mwingine, tutatoa taarifa. Wanaosema tuna jicho la polisi hapo hawakukosea, na sioni haja ya kuomba radhi.

Lipo jingine linalotuchosha. Mzazi anamkokota mtoto hadi kituo cha polisi kwa sababu amekuwa mtoro, “mtishieni kidogo ashike adabu.” Utoro wa shule ni jambo la kufikishwa kwetu, na mapema. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, wa mwaka 1989, unataka mtoto anyimwe uhuru wake kama hatua ya mwisho kabisa, na kwa muda mfupi iwezekanavyo. Mahabusu si kitisho cha nyumbani. Mtoto akichanganywa na watu wazima humo, anatoka na ujuzi ambao hakuingia nao.

Wengine huja wakiwa wamechelewa upande wa pili: ripoti imesomwa, adhabu imetoka, ndipo wanasema jina la shule limekosewa au bibi anayemlea hakuhojiwa. Kwa kawaida mkosaji au wakili wake hupewa nafasi ya kujua kilichoandikwa na kukipinga. Afisa akija, mwombeni kitambulisho na agizo la mahakama, mjibuni kweli, na siku ya shauri ulizeni ripoti inasema nini kabla hakimu hajatamka adhabu. Baada ya hapo njia iliyobaki ni rufaa, na rufaa ina siku zake za kuhesabu.