Mgonjwa yuko Mtongwe, daktari yuko kisiwani Mombasa: maswali kuhusu MND na matibabu kwa simu

MND ni ugonjwa gani?

MND (motor neurone disease kwa Kiingereza) ni maradhi yanayoua seli za neva zinazopeleka amri ya ubongo kwenye misuli. Amri isipofika, msuli hulegea na kukonda. Mmoja huanza kwa kushindwa kufunga vifungo vya shati, mwingine kwa mguu unaojikwaa kila mara, mwingine ulimi huwa mzito. Aina inayoonekana zaidi huitwa ALS (amyotrophic lateral sclerosis). Hauambukizi na si kurogwa, kwa hivyo miezi ya kuzunguka kwa waganga ni miezi iliyopotea. Tiba ya kuuondoa haijapatikana. Riluzole, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995, huongeza miezi michache ya uhai. Wagonjwa wengi huishi miaka 2 hadi 5 tangu dalili za kwanza, ingawa mwanafizikia Mwingereza Stephen Hawking aliambiwa anao mwaka 1963 na akafariki 2018.

Kama hauponi, simu itasaidia nini?

Itamwokoa na safari. Hebu fikiria mzee ambaye shingo haishiki tena: tuktuk hadi Likoni, asukumwe kwenye umati wa feri, tuktuk nyingine hadi hospitalini Makadara, kisha kungoja kwenye benchi. Akifika kwa daktari hana hata nguvu ya kusema kinachomsumbua. Na ugonjwa wenyewe hubadilika haraka, kwa hivyo miadi ya kila baada ya miezi mitatu huacha pengo kubwa.

Watafiti wa Sheffield, Uingereza, walijaribu mfumo ambao mgonjwa na anayemuuguza hujibu maswali kila wiki kwenye tableti, na muuguzi huyasoma majibu na kufuatilia penye mabadiliko. Nyumbani huhitaji mtambo huo. Simu fupi za video zenye siku maalumu zinatosha kuanzia. Kabla hujatoka kliniki uliza wazi: nikiwa na swali nimpigie nani, saa ngapi, na kwa malipo gani?

Daktari ataona nini kwenye kioo cha simu?

Mengi, ukimwandalia. Egemeza simu kwenye chupa ya chai, usawa wa macho ya mgonjwa, dirisha liwe mbele yake. Likiwa nyuma uso utaonekana kivuli tu. Daktari atataka kuuona ulimi, mikono ikiinuliwa, na mgonjwa akihesabu kwa sauti kwa pumzi moja. Andika alifika ngapi. Wiki iliyopita alifika 20 na leo anakwama 12? Hiyo ni habari muhimu kuliko "anaendelea vizuri tu".

Mrekodi pia akila. Vitu vyepesi kama chai na madafu humpalia mtu haraka kuliko uji mzito, na mtaalamu wa kumeza akiona video anaweza kukuelekeza namna ya kumkalisha na uzito wa chakula kinachomfaa. Kama hawezi kusimama kwenye mizani, angalia mshipi wake umeingia tundu la ngapi.

Kuna dalili za usiku ambazo familia huzichukulia kuwa uchovu tu: kuamka na maumivu ya kichwa, kusinzia mchana, kushindwa kulala chali. Huenda ni misuli ya kupumua inayochoka. Taja hata moja ikitokea, kwani ipo mashine ya barakoa inayosaidia pumzi usiku. Lakini usikodi mtungi wa oksijeni kwa kukisia. Kwa mgonjwa huyu, oksijeni peke yake inaweza kufanya hewa chafu (kaboni dioksidi) irundikane mwilini.

Mimi ndiye ninayemuuguza mume wangu. Nikae wapi katika mazungumzo hayo?

Pawili, dada. Akiwa anaongea, subiri amalize hata akichukua dakika nzima, usimmalizie sentensi. Akili ya wengi hubaki timamu, ingawa wapo ambao tabia au fikra hubadilika. Sauti ikiwa bado ipo, mrekodini sasa.

Kisha omba simu yako mwenyewe, bila yeye kusikia. Sema unalala saa ngapi, mgongo unavyouma kwa kumnyanyua, na kama umeanza kumfokea. Kwangu mimi hii ndiyo simu inayosahaulika, na ukianguka wewe nyumba nzima imeanguka. Mtaalamu wa fizio, yaani tiba ya viungo, anaweza kukuonyesha kwa video jinsi ya kumgeuza kwa shuka bila kujiumiza.

Bando likiisha au stima ikipotea?

Simu ya kawaida kwenye spika inatosha, na video zitumwe baadaye. Kama anatumia mashine ya kupumua, swali la betri liulizwe kabla haijaletwa nyumbani.

Video zake zitabaki siri?

Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na kliniki inabanwa nayo. Kundi la WhatsApp la ukoo ni jambo jingine. Muulizeni mwenyewe kabla ya kutuma.

Lini simu haitoshi?

Kuthibitisha ugonjwa kunataka mkono wa daktari, kipimo cha umeme wa misuli na mara nyingi picha ya MRI, kwa sababu yapo maradhi yanayofanana nao na mengine hutibika. Mpira wa kulishia tumboni pia huwekwa hospitalini, na ni heri uamuliwe pumzi zikiwa bado na nguvu.

Akipaliwa asirudi sawa, midomo ikiwa ya bluu, akichanganyikiwa au asiamke, au akipata homa na kifua kikikoroma, msisubiri miadi. Mpelekeni hospitali usiku huohuo. Namba ya ambulensi iwe imeandikwa ukutani. Na kabla siku hiyo haijafika, daktari amuulize mgonjwa mwenyewe angependa kufanyiwa nini na nini hataki. Kwa video inawezekana, mradi aambiwe mapema mazungumzo yatahusu nini na achague nani awe chumbani.